Kikombe cha Kahawa Wakati wa Vita

Katika masimulizi ya vita, wanaume husifiwa kwa bunduki zao na wanawake hukumbukwa kwa machozi yao. Mwandishi wa Kijerumani, Heinrich Böll, alisimulia mambo kwa njia nyingine. Mwaka 1971 alitoa riwaya iitwayo Gruppenbild mit Dame, yaani picha ya kundi la watu na bibi mmoja kati yao. Bibi huyo ni Leni, mkazi wa mji wa Cologne, na tendo lake kubwa kuliko yote katika vita ni kumpa mtu mwenye kiu kikombe cha kahawa.

Böll alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1972. Mwaka 1977 riwaya yake ilitolewa katika sinema na mwongozaji Aleksandar Petrović wa Yugoslavia ya wakati huo. Leni aliigizwa na Romy Schneider, mzaliwa wa Vienna, ambaye watazamaji wa Ulaya walikuwa wakimpenda tangu mwaka 1955 alipoigiza Sissi, malkia kijana wa Austria. Safari hii hakuvaa taji. Alivaa nguo za kazi, akasuka mashada ya maua ya makaburini.

Binti wa tajiri

Leni alizaliwa mwaka 1922. Baba yake alikuwa mkandarasi wa majengo, na kazi za serikali ya Hitler zilimtajirisha. Nyumbani hapakukosekana kitu. Lakini vita vilipoanza, nyumba ile ilibomoka nguzo baada ya nguzo. Mwaka 1940 kaka yake alipigwa risasi na jeshi la nchi yake mwenyewe, baada ya yeye na binamu yao kujaribu kuwauzia Wadenmark mzinga. Leni aliolewa na askari, na siku chache baadaye akawa mjane. Mtawa aliyempenda tangu alipokuwa shule, mwanamke wa asili ya Kiyahudi, alifichwa katika nyumba ya watawa akadhoofika kwa njaa mpaka akafa.

Hatimaye baba naye alifungwa na mali yake ikachukuliwa. Kosa lake lilikuwa la ajabu: aliandika katika vitabu vyake vya mishahara majina ya vibarua wa Kirusi ambao hawakuwapo duniani. Aligunduliwa na mtu msomi aliyetambua kuwa majina yale yalikuwa ya wahusika wa riwaya mashuhuri za Kirusi.

Hivyo binti wa tajiri akalazimika kutafuta kazi. Aliipata kwa bwana Pelzer, mwenye karakana ya mashada karibu na makaburi. Biashara hiyo ilistawi, kwa kuwa kila siku iliongeza wafu. Pelzer hakuona haya kuyakusanya mashada yaliyokwisha kutumika, kuyatengeneza upya na kuyauza mara ya pili.

Kahawa iliyokatazwa

Katika karakana hiyo aliletwa Boris, mateka wa vita wa Kirusi. Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa kukumbuka hali ya mateka hao. Kati ya askari wa Kisovieti zaidi ya milioni 5 waliotekwa na Wajerumani, zaidi ya milioni 3 walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na risasi. Wajerumani walifundishwa kwamba watu hao hawakuwa watu kamili. Mwanamume kutoka Urusi au Poland aliyependana na mwanamke wa Kijerumani aliweza kunyongwa, na mwanamke mwenyewe kunyolewa nywele hadharani na kupelekwa gerezani au kambini.

Kahawa nayo ilikuwa adimu. Watu walikunywa maji ya nafaka iliyokaangwa, na mwenye punje za kahawa halisi alizitunza kama dhahabu. Siku ya kwanza ya Boris, ulipofika muda wa mapumziko, Leni alimimina kahawa yake na kumpelekea mgeni. Mfanyakazi mmoja, mfuasi wa Hitler aliyepoteza mguu vitani, alikipiga kikombe kile kikaanguka. Karakana nzima ilinyamaza. Leni hakujibu neno. Aliokota kikombe, akakisafisha kwa maji, akakikausha kwa uangalifu, akamimina tena na kumpa Boris mbele ya macho ya wote.

Hakuhutubia, wala hakuwa mwanachama wa kundi lolote la siri. Alifanya tu lile ambalo kila mama wa nyumbani hulifanya mgeni anapofika, lakini mahali ambapo tendo hilo lilikuwa hatia. Kwa mujibu wa hadithi, tangu dakika ile Boris alihesabiwa mtu karakanani, kwa kuwa mtu mmoja alithubutu kumhesabu hivyo.

Mapenzi yao yalianzia hapo. Walikutana wakati ndege za adui zilipopiga mji, kwa maana walinzi walikuwa wamejificha. Mtoto wao wa kiume alizaliwa tarehe 2 Machi 1945, siku ambayo Cologne ilipigwa mabomu kwa mara ya mwisho kwa kishindo kikubwa. Boris alikuwa amepatiwa hati za askari wa Kijerumani ili asikamatwe na Wajerumani. Vita vilipokwisha, Wamarekani walimkamata kwa sababu ya hati zile zile. Alipelekwa katika mgodi nchini Ufaransa, akafia humo, na Leni akazunguka kwa baiskeli akimtafuta mpaka alipoliona kaburi.

Kitabu na sinema

Katika kitabu, Leni mwenyewe husema machache mno. Habari zake zinatolewa na wengine, kila mmoja kwa namna yake, na msomaji hulazimika kuzipima kama hakimu. Sinema haina nafasi ya mashahidi wote hao, na hapo hupoteza. Lakini inao uso wa Romy Schneider, ambao huweza kunyamaza na bado ukaeleweka. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya filamu ya Ujerumani mwaka 1977.

Böll, aliyefariki mwaka 1985, alikuwa mzaliwa wa Cologne na alitumikia jeshi la Ujerumani kwa miaka sita. Alijua kuwa amani haifuti mioyo migumu. Katika riwaya yake, miaka 25 baada ya vita, Leni anawapangisha vibarua wa kigeni vyumba kwa bei nafuu, majirani wanamtukana, na jamaa zake wenye mali wanataka kumfukuza. Wanaojitokeza kumsaidia ni pamoja na wageni wanaoendesha magari ya taka, ambao huyaziba barabara kwa magari hayo ili kuchelewesha kufukuzwa kwake.

Serikali iliyomwogopa mwanamke mwenye birika ilikuwa na vifaru na ndege nyingi. Ilianguka mwaka 1945. Hadithi ya Leni inawakumbusha watu wa kila nchi kwamba chuki hupewa amri kutoka juu, lakini hutekelezwa chini, katika kazi na jikoni, na huko huko chini ndiko inakoweza kukataliwa.