Pete Moja Haifanyi Mkufu

Huko Giakanja, karibu na Nyeri, bibi arusi wa siku hizi huvikwa pete kanisani. Zamani mke wa Kikuyu alijulikana kwa hang'i, pete za shanga zilizoning'inia masikioni. Wahunzi nao walikunja waya kuwa pete ndogo, wakazipachika moja katika nyingine hata zikawa mkufu. Scoresby Routledge na mkewe waliieleza kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910. Walakini mapambo hayakufunga ndoa. Iliyoifunga ni ngurario, yaani kumwaga damu ya mnyama ili jamaa mbili ziungane. Kijana anayeahirisha arusi kwa kukosa dhahabu na akumbuke: pete ni dalili, mapatano ya jamaa ndiyo ndoa.