Mguu Unapogoma Kizingitini

Mzee anatoka chumbani vizuri, anavuka sebule, lakini akifika mlango wa choo anasimama ghafla. Kiwiliwili kinataka kwenda, nyayo zimenata sakafuni. Mjukuu, kwa nia njema, anamvuta mkono. Hapo ndipo mzee anapoanguka.

Ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, wengi wanaujua kwa kutetemeka. Mimi, kama mtu wa mazoezi tiba, nahofia zaidi huku kuganda, ambako hutokea hasa mlangoni, kwenye kona na wakati wa kugeuka. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zimepungua, na kutembea, kazi iliyokuwa ikijiendea yenyewe, sasa kunataka kuagizwa hatua kwa hatua. Wengine huishia kuambiwa ni uzee tu: utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33, wengi wao hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani.

Kwa nyumba za huku Tabata, Dar es Salaam, iwe Kimanga au Segerea, naanza na njia ya kutoka kitandani hadi chooni. Marumaru zinazong'aa zikilowa ni sabuni. Kuna kizingiti cha kuzuia maji ya bafuni, ndoo na kopo njiani, mkeka uliokunjika pembe, ndala za wajukuu mlangoni. Ondoa vyote vinavyoondoka. Taa ya kuchaji ikae karibu na mto, pale pale kila siku, maana umeme haukatiki kwa taarifa.

Kisha nunua utepe wa gundi wa rangi inayopingana na sakafu. Bandika vipande vya kukingama njia, kimoja kwa kila hatua ya mzee, hadi ng'ambo ya mlango. Daktari James Purdon Martin alilieleza jambo hili mwaka 1967: jicho likiona mstari, mguu hupata pa kukanyaga. Mistari iliyolazwa kufuata urefu wa njia haisaidii.

Akiganda, msimvute wala msimharakishe. Asimame, ahamishe uzito mguu huu hadi ule, ahesabu moja, mbili, tatu, auvuke mstari. Kugeuka ni kwa mzunguko mpana. Msaidizi akae ubavuni, nyuma kidogo, asizibe mlango.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachonisumbua zaidi. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunda kiti cha chuma chenye tundu na bomba la kushikia la kufunga ukutani kwa boliti. Mtu mnene na mzima avijaribu kwanza. Usiku, kabla ya kusimama, mzee aketi kidogo ukingoni mwa kitanda, kwa sababu ugonjwa wenyewe na dawa zake huweza kushusha presha mtu anapoinuka.

Utepe utabanduka kwa deki ya kila siku. Nunua roli nzima.