Kwa Nini Samaki Aitwaye Mkunga Hayumo Katika Maziwa ya Bonde la Ufa

Mtu amwonapo kamongo wa Ziwa Baringo, samaki mrefu mfano wa nyoka, aweza kudhani kuwa huyo ndiye mkunga. Sivyo. Kamongo huvuta hewa kwa mapafu, na mapezi yake ni membamba kama kamba. Tena aliingizwa katika ziwa hilo na watu katika miaka ya 1970. Mkunga wa mito hakuwamo tangu asili katika Baringo, wala Nakuru, wala Naivasha. Sababu yake ni bahari.

Mkunga huyu huzaliwa katika kilindi cha Bahari ya Hindi. Kwanza huwa bapa kama jani, naye ni mwangavu kama kioo, na mikondo ya maji humchukua mpaka karibu na pwani. Hapo hubadilika umbo, akawa mwembamba na mviringo, kisha huingia mtoni na kupanda kuelekea bara. Maporomoko madogo hayamzuii, maana hutambaa juu ya mawe yenye unyevu. Hukaa katika maji matamu miaka mingi, akila kaa, wadudu na samaki wadogo. Akisha kukomaa hushuka tena baharini, huzaa mara moja tu, kisha hufa.

Sasa yafaa kuitazama milima ya Nyandarua. Mvua nyingi inyeshayo upande wa mashariki hushuka katika Mto Tana, ikafika baharini. Inyeshayo upande wa magharibi hushuka kwa Mto Malewa mpaka Ziwa Naivasha, ambalo halina mto wa kuyatoa maji yake. Hayo hukaushwa na jua au hupenya ardhini. Ziwa Nakuru nalo halina mto utokao. Basi mkunga ana njia ya kuufikia ubavu mmoja wa mlima, lakini ubavu wa pili hana.

Hata katika Tana njia imekuwa ngumu. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, na la Masinga mwaka 1981. Kuta hizo huleta umeme, lakini humfungia njia mkunga mchanga apandaye na mkubwa ashukaye. Na asiyefika baharini hazai. Katika nchi nyingine hujengwa vipito vyenye unyevu kando ya mabwawa, ili mikunga wachanga wapate kupanda. Mto ukifungwa pasipo kipito, mkunga aweza kutoweka katika maji ya juu kama asivyokuwamo Naivasha.