Ufito wa Bei Kubwa Usihukumiwe Dukani

Mvuvi wa visiwani hana desturi ya kukisifu chombo kikiwa bado kimefungwa gatini. Ngalawa husifiwa baada ya kuvuka misimu ya kusi na kaskazi, tanga husifiwa baada ya kupigwa na dhoruba, na nanga husifiwa baada ya kushika. Hekima hiyo ya wazee wetu tunaitaka leo itumike kwa chombo kigeni ambacho sifa zake zimetangulia kufika kabla ya chenyewe. Nacho ni ufito wa kuvulia kwa nzi wa bandia, ule wa daraja la juu, unaouzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya dola 1,000, hali uzito wake haufiki gramu 200.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: kuna haja gani kwa gazeti kujishughulisha na kijiti cha starehe cha matajiri? Haja ipo. Kwa jirani zetu wa Shelisheli, uvuvi huu si mchezo tu, ni kazi na riziki. Katika visiwa vyao vya nje, kama vile Alphonse na Cosmoledo, wageni hulipa fedha nyingi ili wamvue kolekole kwa ndoana moja iliyofungwa manyoya, kisha wamrudishe majini akiwa hai. Bahari yao na yetu ni moja, na kolekole wao ndiye kolekole wetu. Siku kijana wa Pemba, Unguja au Mafia atakapotaka kuwaongoza wageni wa namna hiyo, au ofisa wa Serikali atakapowekewa mezani hati ya kununua zana za mafunzo, swali litakuwa hili: je, ufito huu una thamani ya bei yake? Yafaa lijibiwe mapema, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwanza yatupasa kukielewa chombo chenyewe. Mvuvi wetu wa mshipi hutupa ndoana yake kwa msaada wa chubwi. Uzito wa chubwi ndio unaouvuta mshipi kwenda mbali. Nzi wa bandia hana uzito wa maana, kwa hiyo katika uvuvi huu mshipi wenyewe ndio mzito, na ufito hufanya kazi ya kuurusha hewani mithili ya mjeledi, mbele na nyuma, mpaka utue pale mvuvi alipokusudia. Mishipi hiyo hupangwa kwa nambari kulingana na uzito wa futi zake 30 za mwanzo, yaani mita 9.14. Mshipi nambari 8 una gramu 13.6 katika urefu huo, na ule wa nambari 12, unaofaa kwa kolekole wakubwa, una gramu 24.6. Ufito nao huandikwa nambari ya mshipi unaoubeba. Mipango hiyo ya mishipi iliwekwa na watengenezaji wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo ndiyo inayofuatwa.

Fito zenyewe zimepita katika mikono ya namna tatu. Zile za zamani zilizoheshimika zilitengenezwa kwa mianzi ya mkoa wa Guangdong nchini China, ikachanwa vipande sita vyembamba na kuunganishwa kwa gundi hata ikawa fimbo moja yenye pande sita. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Shakespeare ya Marekani ilianza kutengeneza fito za faiba, ile ile faiba ambayo leo tunaundia maboti. Mwaka 1950 Marekani ilipopiga marufuku biashara na China, mianzi ikaadimika na faiba ikapata soko. Kisha zikaja nyuzi za kaboni, ambazo wataalamu wa ndege wa Uingereza walizistawisha huko Farnborough katika miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Fenwick ya Marekani ikazitia katika fito za kuvulia, na tangu hapo kaboni imetawala. Kwa hakika, usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa tuje kwenye hukumu, na tuanze na utendaji. Ufito mzuri ni ule unaopindika kwa nguvu ya mrushaji na kurudi kunyooka upesi bila kutikisika-tikisika. Ukitikisika baada ya kunyooka, mshipi huenda kwa mawimbi, upepo huudaka, na nzi huangukia mahali pasipotakiwa. Katika hili fito za bei kubwa huonyesha ubora wa kweli. Upepo wa kusi unapovuma juu ya mwamba, mvuvi mwenye ufito mwepesi na mgumu hurusha mara nyingi zaidi kabla bega halijachoka, na hurusha kwa shabaha iliyo bora. Sifa hiyo hatuikatai.

Lakini tahadhari ni lazima. Nambari iandikwayo juu ya ufito ni neno la mtengenezaji mwenyewe. Hakuna sheria inayomlazimisha aliyeandika nambari 10 auze ufito wenye ugumu sawa na nambari 10 ya mwenzake. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mmarekani aitwaye William Hanneman alibuni kipimo ambacho hata mwanafunzi wa shule aweza kukitumia. Ufito hukazwa ukiwa umelala sawa na sakafu, kifuko huning'inizwa nchani, na ndani yake hutiwa sarafu za senti za Marekani, ambazo zile zilizotolewa tangu mwaka 1983 zina gramu 2.5 kila moja, mpaka ncha ishuke kiasi cha theluthi moja ya urefu wa ufito wote. Kwa ufito wa futi 9, yaani mita 2.74, ncha itashuka sentimita 91. Hesabu ya sarafu ndiyo inayotaja ugumu wake. Sisi hatuna haja ya senti za kigeni. Mchanga mkavu na mizani ya duka la dawa vitatosha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kipimo kama hiki ndicho kinachovitenganisha viwili hivyo.

Jaribio la pili ni la nguvu ya kuvuta. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ambayo uzito wake haupiti sana kilo moja, uifunge mwisho wa mshipi, kisha ujaribu kuinyanyua kutoka chini huku ufito umeuinua juu kama mlingoti wa bendera. Utastaajabu: ncha itajikunja, kiganja kitatetemeka, na chupa itanyanyuka kwa shida. Anayewahi kunyanyua ndoo kwa ncha ya upondo anaijua sababu. Uzito ulio mbali na mkono humlemea mshikaji, si samaki. Ushushe ufito huo huo karibu na usawa wa maji, ili shina lake nene ndilo livute, na utaweza kuvuta mzigo mkubwa zaidi bila hofu. Kolekole hufikia uzito mkubwa mno. Aliyevuliwa Japani mwaka 2006 na kuandikwa katika rekodi za dunia alikuwa na kilo 72.8. Samaki wa jamaa hiyo akikimbilia mwamba, hapana nafasi ya kubembelezana naye. Ufito usio na nguvu katika shina lake, hata ukiwa na jina kubwa namna gani, haufai katika kazi hiyo.

Jambo la tatu, nalo ndilo kiini cha maneno yetu, ni uimara. Wengi hudhani kwamba chombo cha bei kubwa ndicho kisichovunjika. Katika fito hizi dhana hiyo haina msingi. Fedha ya ziada aghalabu hununua wepesi, na wepesi hupatikana kwa kutumia kaboni ngumu zaidi na kuzipunguza unene kuta za bomba la ufito. Kuta zilivyo nyembamba ndivyo zinavyozidi kuchukia kugongwa. Mwanzi huonyesha ufa kabla haujakatika; faiba huvumilia mapigo mengi; kaboni hukatika ghafla, kwa mlio kama wa risasi, pasipo kuaga.

Tena si samaki peke yake avunjaye ufito. Aghalabu huvunjwa na mlango wa gari, na ukingo wa boti, na mguu wa asiyeangalia pa kukanyaga. Nzi aliyetiwa kichwa cha risasi akiligonga bomba wakati wa kurusha huacha jeraha dogo lisiloonekana kwa macho. Jeraha hilo hungoja, na siku ya samaki mkubwa ndipo linapojidhihirisha. Viungo vya vipande vinne vinavyounda ufito hulegea kidogo kidogo kwa kurusha kutwa nzima, na kiungo kilicholegea hupasuka. Chumvi nayo hula pete za kupitishia mshipi na kitako cha alumini kinachoshika kigurudumu cha mshipi. Dawa za maradhi haya si ghali: maji baridi kila jioni, kitambaa kikavu, nta ya mshumaa kwenye viungo, na desturi ya kuvikaza upya viungo hivyo mara kadhaa kwa siku. Kadhalika, mwongozaji ajue kwamba kaboni hupitisha umeme. Asikubali ufito uinuliwe karibu na nyaya za umeme wala wakati wa radi.

Watengenezaji hujibu hoja ya uimara kwa kutaja dhamana. Kampuni ya Orvis ya Marekani imejulikana kwa dhamana ya miaka 25. Sage, ambayo fito zake hutengenezwa katika kisiwa cha Bainbridge karibu na mji wa Seattle, hutoa dhamana ya maisha ya mnunuzi wa kwanza. Ni ahadi nzuri, na kwa mtu anayekaa karibu na posta na barabara ni ahadi yenye manufaa. Lakini mwananchi wa kisiwani aisome hati hiyo kwa macho mawili. Dhamana ya namna hiyo haizuii kuvunjika. Huahidi matengenezo baada ya kuvunjika, na aghalabu kuna ada ya kulipa. Kipande hakina budi kivuke bahari kwenda na kurudi, na msimu haumngoji mtu. Zaidi ya hayo, dhamana humfuata mnunuzi wa kwanza. Mgeni akimwachia mwongozaji wake ufito kama zawadi ya kuagana, shukrani zitolewe, lakini ifahamike kwamba dhamana yaweza kuwa imepanda ndege pamoja na mgeni.

Kutokana na hayo, hukumu yetu ni hii. Ufito wa bei kubwa hurusha vizuri zaidi, na kwa mrushaji hodari tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini kwa kazi ya kila siku visiwani, ambako chombo hupita mikononi mwa watu wengi na fundi yuko mbali, ufito wa bei ya kati ulio mzito kidogo, wenye kuta nene na pete imara, ndio bora. Zipo fito njema kwa theluthi moja ya bei ile. Anayenunua mbili za namna hiyo na kubakiwa na akiba ana ufito wa leo na wa kesho. Anayenunua mmoja wa fahari ana wa leo tu.

Kwa maofisa wa Serikali tunayo mapendekezo matatu. La kwanza, zabuni ya zana kama hizi isitaje jina la kampuni wala isiangalie bei ya chini peke yake. Itaje kipimo cha ugumu, iamuru jaribio la kuvuta mbele ya mashahidi, na idai vipande vya akiba, hasa vya nchani, viletwe pamoja na ufito. Rahisi ni ghali, nasi tunaongeza kwamba ghali isiyo na kipuri ni ghali mara mbili. La pili, vijana wafundishwe kuzitengeneza. Kufunga pete kwa uzi na kuipaka gundi ni kazi iliyo karibu sana na ile ya kuziba boti la faiba, ambayo mafundi wetu wanaiweza. Na tusisahau kwamba nzi wengi wa bandia wanaouzwa ng'ambo hufungwa kwa mikono ya mafundi wa Kenya. La tatu, kila ufito wa umma uwe na daftari lake: siku ulipoanza kazi, safari zake, na namna ulivyovunjika. Baada ya misimu michache daftari hilo litatufundisha mengi kuliko matangazo yote ya wauzaji.

Neno la mwisho ni la haki. Ufito wa zaidi ya dola 1,000 unapovunjika ndani ya boti, macho huelekea kwa mwongozaji, naye huwa ndiye mnyonge kuliko wote waliomo. Kabla ya kumkata mshahara, mwenye boti akitazame kipande kilichovunjika. Ulipokatika karibu na ncha huku samaki akivutwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeushika aliuinua kupita kiasi. Ulipopasuka kiungoni, huenda kililegea bila kukazwa. Ulipokatika ghafla mahali penye alama ya kugongwa, jeraha lilikuwapo tangu zamani. Kipande hicho ni shahidi asiyependelea. Tajiri na mwongozaji wakikikagua pamoja, na daftari likiwa wazi mbele yao, deni litamwendea anayestahili kulilipa, na kijana wa kisiwani hatalipishwa kosa la mtu mwingine kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa karibu.