Kwa Nini Treni Hizi Zina Reli ya Tatu

"Baba, mbona njia hii ina vyuma vitatu, na treni yenyewe ina magurudumu pande mbili tu?"

Binti yangu wa miaka tisa aliuliza hivyo akiwa amepiga magoti juu ya kiti, pua yake inakaribia kugusa meza. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa katika mji mdogo kusini mwa Uingereza, siku ambayo klabu ya wapenzi wa treni za zamani za kuchezea huwafungulia watu wote milango. Meza zilikuwa zimeunganishwa kuzunguka ukumbi mzima na kutandazwa reli za bati. Garimoshi la kijani, la kabla ya Vita Kuu ya Pili, lilipita mbele yetu na mabehewa yake sita, likiacha harufu ya mafuta ya mashine yaliyopata moto. Kazi yangu ni umeme. Watu wengi huniuliza maswali ya umeme kwa adabu tu. Huyu alitaka jibu. Nikavuta kiti.

Treni za namna hii hazikuanza na umeme. Frank Hornby wa Liverpool, aliyesajili mwaka 1901 ule mchezo wa vipande vya chuma vya kuungia mitambo uliokuja kuitwa Meccano, alitoa treni zake za kwanza mwaka 1920, nazo zilikwenda kwa springi. Unatia ufunguo kama saa ya mezani, unaachia, inakimbia mpaka springi ilegee. Nyumba nyingi za Uingereza wakati ule hazikuwa na umeme, kwa hiyo springi ndiyo iliyofika kila mahali. Na mwili wa treni ni bati jembamba, ndugu wa lile ambalo fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hukunjia koroboi. Geuza behewa la Hornby chini juu utaona vilimi vya bati vimepenyezwa kwenye matundu kisha vikalazwa kwa koleo. Fundi wetu wa koroboi asingehitaji kuelezwa chochote hapo.

Umeme ulipokuja, ulikuja na hatari ambayo leo inanisimamisha nywele. Mwaka 1925 Hornby walitoa treni yao ya kwanza ya umeme, mfano wa injini ya reli ya Metropolitan ya London. Ilichukua umeme wa nyumbani moja kwa moja: waya unatoka kwenye holda ya taa, unapitia balbu iliyofungwa mfululizo na treni, kisha unaingia kwenye reli. Balbu ndiyo iliyozuia mkondo usiwe mkubwa kiasi cha kuunguza mota. Treni ikikimbia, sehemu kubwa ya volti inaishia kwenye balbu, na reli inabakiwa na kidogo. Sasa fikiria treni imeanguka nje ya njia. Mkondo umekatika, balbu imezimika, hakuna volti inayoishia popote, na ile reli iliyo wazi sakafuni inabeba karibu volti zote za ukutani. Mtoto ananyoosha mkono kuirudisha treni yake. Mwili wa binadamu una ukinzani mkubwa mara nyingi kuliko balbu, kwa hiyo balbu haimpunguzii volti ila kidogo sana. Mpango huo haukudumu. Zikaja treni za volti chache, kwanza za betri, kisha za transfoma, ambayo hushusha umeme na pia kuutenga kabisa na ule wa ukutani. Kutenga huko ndiko kunakookoa maisha, na hadi leo naona watu wanaotengeneza vitu vya watoto bila kujali hilo.

Tukirudi kwenye vyuma vitatu. Mota inahitaji njia mbili za umeme, ya kuingilia na ya kurudia. Mtu atasema: reli ya kushoto iwe chanya, ya kulia iwe hasi, kazi imekwisha. Lakini gurudumu la zamani ni chuma, ekseli ni chuma, na gurudumu la upande wa pili ni chuma. Weka behewa moja tu juu ya reli hizo na umeshapiga shoti. Ili njia ya reli mbili ifanye kazi, kila ekseli lazima ikatwe umeme katikati kwa kihami, na kufanya hivyo kwa bei rahisi, kwa mamilioni ya magurudumu ya kuchezea, hakukuwezekana mpaka plastiki nzuri ilipopatikana. Basi wakaweka reli ya tatu katikati, imekalia vipande vya kihami isiguse mataruma ya bati. Umeme unaingia kwa reli hiyo kupitia kiatu cha chuma kilicho chini ya injini, unapita kwenye mota, unarudi kwa magurudumu na reli zote mbili za nje. Magurudumu yabaki chuma yanavyotaka.

Kuna faida nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda. Chora njia inayokwenda mbele, inazunguka kama daladala inavyozunguka kituo cha mwisho, kisha inarudi kwenye ile ile iliyotokea. Fuata reli ya kushoto kwa kidole. Ukimaliza mzunguko utajikuta umefika kwenye reli ya kulia. Kwa mfumo wa reli mbili chanya imekutana na hasi, tayari shoti, na lazima utafute namna ya kutenga kipande cha njia na kukigeuzia umeme wake. Kwa reli tatu, nje inakutana na nje, kati inakutana na kati. Hakuna kinachoungua. Binti yangu alizungusha kidole chake juu ya meza mara mbili, akanyamaza, akazungusha tena. Mara ya tatu akasema, "Ya katikati haina upande!" Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri zaidi.

Mwaka 1938 Hornby walitoa treni ndogo zaidi, Hornby-Dublo, za volti 12, nazo zikiwa na reli tatu, na walihamia reli mbili mwaka 1959 tu, baada ya wateja kulalamika kwamba chuma cha kati hakifanani na reli halisi. Nawaelewa. Lakini kama kufanana ndiyo shida, reli zao mbili nazo zilikuwa na kasoro. Upana wake ni milimita 16.5, na treni yenyewe imepunguzwa mara 76.2. Ukipanua hesabu unapata njia ya kama milimita 1,257. Reli halisi ya Uingereza ni milimita 1,435, sawa na SGR yetu ya Tanzania, na ile ya zamani ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, MGR, ni 1,000. Kwa hiyo treni hiyo ya Kiingereza inakimbia kwenye njia iliyo katikati ya MGR na SGR, isiyokuwepo popote Uingereza. Sababu ni kwamba treni za huko ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za wakati ule hazikuingia ndani yake. Ikabidi mwili wa treni ukuzwe na reli iachwe ilivyo.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na meza ya mafundi, na hapo nilikaa mpaka binti akanichoka. Mzee mmoja alikuwa akitengeneza mota ya Dublo. Kabla ya kuchomoa rota, alitelezesha kipande cha chuma laini kati ya ncha za sumaku, ili kichukue nafasi ya rota inapotoka. Sumaku za zamani hupoteza nguvu zikiachwa wazi hata kwa muda mfupi. Ajabu ni kwamba mota yenye sumaku dhaifu huzunguka kwa kasi zaidi ikiwa haina mzigo, na mtu asiyejua hufurahi akidhani imepona. Ifungie mabehewa matatu: inapata moto, inavuta mkondo mwingi, na haisogei.

Kisha akanionyesha ugonjwa usiotibika. Kwenye kiganja chake palikuwa na gurudumu la kabla ya vita, la aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Kwa mbali ni zima. Alipolisogeza chini ya taa niliona nyufa nyembamba kama za udongo wa mfinyanzi uliokaushwa haraka, na ukingo wake umevimba. Zinki ile ilichanganyika na risasi kidogo sana. Risasi hiyo hukaa kwenye mipaka ya chembe za metali, unyevu wa hewa unaingia hapo, kutu inatambaa ndani kwa ndani, na metali inavimba mpaka imeguke kama biskuti. Rangi wala gundi haisaidii, kwa sababu ugonjwa ulimiminwa pamoja na gurudumu kiwandani. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa aloi zinazotumia zinki safi ya asilimia 99.99, na usafi wa namna hiyo ulipozoeleka viwandani tatizo lilipungua sana. Injini mbili za rafu moja, umri mmoja, zinaweza kuwa moja nzima na nyingine unga, kutegemea chungu kilichomimina siku ile.

Nilimuuliza kwa nini basi wanaziendesha badala ya kuziweka kabatini. Akasema kabatini nako zinapasuka, ila hakuna anayeona.

Saa kumi na moja wakaanza kuzima transfoma, moja baada ya moja. Mzee alichukua kalipa, akalipima lile gurudumu kutoka ukingo hadi ukingo, akaandika namba kwenye daftari chini ya namba za miaka iliyopita. Akamwita binti yangu, akampa lenzi amhakikishie kama ameisoma sawasawa.