Kumfunza Fundi Mdogo Uundaji Unaojali Mazingira: Somo la Lehemu Isiyo na Risasi

Neno mazingira linapotajwa, fikra za wengi hukimbilia misitu, mito na wanyamapori. Ni wachache wanaoifikiria redio iliyo mezani au chaja iliyochomekwa ukutani, seuze karakana ya watu wanane ambamo vifaa kama hivyo huundwa. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi wenye biashara ndogo za elektroniki wanavyofunzwa kuunda bidhaa zisizoharibu mazingira, na ni kwa nini mafunzo hayo mara nyingi hukosa kuwafikia walengwa. Mfano mkuu unatoka Ulaya, ambako sheria iliwalazimisha wenye karakana kujifunza kwa haraka kati ya mwaka wa 2003 na 2006. Baada ya hapo itatazamwa hali ya fundi wa Kenya, ambaye vifaa vilivyoundwa chini ya sheria hiyo humfikia mezani pake vikiwa vimeharibika.

Msingi wa elimu hii ni dai moja sahili: madhara ya bidhaa huamuliwa mapema, kwenye karatasi ya msanifu, kabla ya kipuri cha kwanza kununuliwa. Chukua betri ya simu. Msanifu akiifunga kwa skurubu, mtu yeyote mwenye bisibisi ataweza kuibadilisha itakapochoka. Akiibandika kwa gundi, simu nzima itatupwa kwa sababu ya kiungo kimoja. Aidha, chukua kifaa ambacho kikizimwa kwa rimoti huendelea kula umeme wa wati 5 kikisubiri kuamshwa. Mwaka una saa 8,760. Kikiachwa hivyo mwaka mzima kitakula karibu uniti 44 za umeme bila ya kumfanyia mwenyewe kazi yoyote. Hakuna fundi wa taka awezaye kuurejesha umeme huo. Aliyeweza kuuzuia ni yule aliyechagua saketi ya kugawa umeme, naye pengine aliichagua kwa kuwa ilikuwa nafuu kwa shilingi chache.

Wataalamu waliutambua ukweli huu zamani. Mwaka wa 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilichapisha mwongozo wa Brezet na van Hemel wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, uliopanga mikakati ya usanifu wa aina hii katika mchoro wa gurudumu. Mwaka wa 2002 Shirika la Kimataifa la Viwango likatoa ripoti yake, ISO/TR 14062, kuhusu suala lilo hilo. Maarifa, basi, yalikuwepo. Lililokosekana ni msukumo wa kuyatia katika vitendo, hasa kwa biashara ndogo ambayo mmiliki wake ndiye msanifu, mnunuzi, mwuzaji na mhasibu.

Msukumo ulikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa tukio la kibiashara. Mwishoni mwa mwaka wa 2001 serikali ya Uholanzi ilizuia takriban vifaa milioni 1.3 vya mchezo wa PlayStation vya kampuni ya Sony, majuma machache kabla ya Krismasi, kwa kuwa nyaya zake zilikuwa na madini ya kadimi kupita kiasi kilichoruhusiwa na sheria ya nchi hiyo. Nyaya hizo zilitoka kwa wauzaji wa vipuri. Kampuni kubwa zikang'amua kwamba kosa la muuzaji mdogo wa nyaya laweza kusimamisha meli nzima ya bidhaa, zikaanza kuwadai wauzaji wao maelezo ya kimaandishi kuhusu kila kitu kilichomo ndani ya kila kipuri.

Njia ya pili ilikuwa sheria yenyewe. Tarehe 27 Januari 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo mawili: la kukusanya taka za vifaa vya umeme, na la kupiga marufuku sumu sita katika vifaa hivyo, yaani risasi, zebaki, kadimi, aina moja ya kromi na kemikali mbili za kuzuia moto. Marufuku ilianza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2006. Kiwango cha juu kilikuwa asilimia 0.1 ya uzito, na kwa kadimi asilimia 0.01. Tena kiwango hicho hakikupimwa kwa uzito wa kifaa kizima. Kilipimwa kwa kila kitu kimoja kisichoweza kutenganishwa zaidi: ganda la waya peke yake, rangi peke yake, tone la lehemu peke yake. Hapo ndipo mwenye karakana ndogo alipobanwa, kwani tone la lehemu alilolizoea lilikuwa na risasi zaidi ya thuluthi moja.

Inafaa kulitazama tone hilo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna somo zima. Lehemu ya kale ilikuwa mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 183 za selisiasi. Lehemu mpya iliyoenea zaidi ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, nayo huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Tofauti ya nyuzi thelathini na kitu yaonekana ndogo, lakini ilitikisa kila kitu mezani. Chuma cha kulehemia kilihitaji joto zaidi na ncha yake ikawa inalika upesi. Baadhi ya vipuri vya plastiki havikustahimili joto hilo. Lehemu mpya ilikuwa ghali kwa sababu ya fedha iliyomo. Chombo kilichowahi kutumiwa kwa lehemu ya risasi kisingeweza kutumiwa kwa ile mpya bila ya kuichafua.

La ajabu zaidi lilihusu macho. Kwa miongo mingi wafanyakazi walifunzwa kwamba kiungo kizuri hung'aa, na kwamba kiungo kilichofifia ni kibovu, hakikupata joto la kutosha. Lehemu isiyo na risasi hufifia hata inapokuwa salama kabisa. Mkaguzi hodari, mwenye uzoefu wa miaka ishirini, angeweza kukataa kazi nzuri na kuirudia hadi akaiharibu kwa kuichoma mara ya pili. Kwa mtu kama huyu, kuelezwa sheria hakutoshi. Sharti awekewe bodi mbili mbele yake, azitazame, azivute, azikate, mpaka jicho lake lijifunze upya. Hili ndilo jambo ambalo waandaaji wengi wa mafunzo hulisahau hadi leo: fundi huwa na elimu tayari mikononi, na elimu mpya huingia kwa kushindana na ile ya kale.

Wakufunzi walioelewa hivyo ndio waliofaulu. Taasisi ya Fraunhofer IZM ya Berlin ni miongoni mwa zile zilizoshughulikia uhamasishaji wa wenye biashara ndogo za elektroniki katika kipindi hicho. Mbinu zilizotumiwa katika mafunzo ya namna hii si za kutisha. Mshiriki huombwa aje na bidhaa yake mwenyewe. Bidhaa hiyo hufunguliwa mezani kwa bisibisi, dakika zikihesabiwa, na kila kipande hupimwa uzito. Kisha hujazwa jedwali lenye safu tatu: malighafi, nishati na sumu, na mistari yake hufuata maisha ya kifaa tangu kununua vipuri, kuunda, kusafirisha, kutumia, hadi kutupa. Hakuna hesabu ngumu. Hata hivyo mwenye bidhaa hushangaa kuona kwamba sanduku la chuma analojivunia ndilo zito kupita yote, au kwamba mzigo mkubwa umo katika umeme utakaoliwa na mteja kwa miaka mitano. Ikilinganishwa na programu za kompyuta za kuchanganua maisha ya bidhaa, ambazo huhitaji takwimu asizo nazo mwenye karakana ya watu wanane, jedwali hili ni duni. Linafaa zaidi.

Sheria zenyewe hazikusimama. Kanuni ya mwaka wa 2008 kuhusu umeme wa kusubiri iliweka kikomo cha wati 1 kuanzia Januari 2010, kikashushwa hadi nusu wati mwaka wa 2013 kwa vifaa visivyo na kioo cha maandishi. Orodha ya sumu sita ikawa kumi tangu Julai 2019. Kanuni mpya ya usanifu wa bidhaa endelevu ilianza kuwa na nguvu Julai 2024, nayo inagusa pia urahisi wa kutengeneza kifaa kilichoharibika.

Urahisi huo wa kutengeneza ndio unaoileta hoja hii Nairobi. Juu ya maduka ya barabara ya Luthuli wamo mafundi ambao kazi yao ya kila siku ni kufungua kile ambacho msanifu wa mbali hakutaka kifunguliwe. Wanajua ni gundi ipi hukataa kutoka, ni tundu lipi la chaja huvunjika kwanza, na ni modeli ipi haina kipuri. Mtu akitaka kuandaa mafunzo ya uundaji endelevu nchini Kenya, wakufunzi wake wa kwanza wako hapo. Ni jambo la kusikitisha kwamba warsha nyingi huwaita kama wanafunzi tu.

Wao nao wana la kujifunza, hasa kuhusu risasi. Kifaa kilichouziwa Ulaya baada ya 2006 kwa kawaida kimelehemiwa bila risasi; kikifika hapa kikiwa mtumba, fundi hukitengeneza kwa lehemu ya kale iliyo nafuu na rahisi kuyeyusha. Wengi huogopa moshi unaopanda, wakidhani ni risasi. Kwa kweli, katika joto la kulehemia risasi haigeuki mvuke kwa kiasi cha kutisha. Moshi ule hutokana na dawa ya kulehemia yenye utomvu wa msonobari, nao huudhi mapafu na waweza kuleta pumu. Risasi humwingia fundi kwa vidole, anapokula mkate bila ya kunawa. Na humfuata hadi nyumbani, kwa watoto ambao bongo zao zingali zinakua. Athari zake si ngeni nchini. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo Desemba 2024.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 imemtwika mzalishaji na mwagizaji wa bidhaa wajibu hata baada ya bidhaa kuchakaa. Punde si punde wenye biashara ndogo wataitwa warshani, kama walivyoitwa wenzao wa Ulaya. Suala lililo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili ni lugha watakayoitiwa. Warsha ikiendeshwa kwa Kiingereza, mmiliki huelewa na kupewa cheti, ilhali kijana anayeshika chuma cha moto hubaki alipokuwa. Ikiendeshwa kwa Kiswahili, istilahi huchokoza: risasi ni madini na pia ni kitu kinachotoka mtutuni, hivi kwamba bodi isiyo na risasi yaweza kuzua kicheko kabla ya kueleweka. Kusema madini ya risasi kila yanapotajwa kwa mara ya kwanza huondoa utata. Kulehemu nako hutumiwa kwa kuunga vyuma vya mlango na kwa kuunga waya wa redio vilevile. Lakini mafundi wenyewe tayari hutofautisha, kwani kazi ya mlango huiita kuchomelea. Lehemu yaweza basi kuachiwa watu wa elektroniki, na bango la ukutani likaandikwa kwa sentensi mbili: Lehemu hii ina madini ya risasi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.