Katekista na Mafundisho ya Kazi Yake

Mji wa Kisangani umejengwa kando ya mto Kongo, chini ya maporomoko ya Wagenya. Ukitoka mjini na kuingia mwituni, au ukishuka mto kwa mtumbwi, utakuta vijiji vilivyo mbali sana na parokia. Padri hawezi kufika huko kila Jumapili. Mara nyingine mvua huharibu njia, madaraja ya miti huchukuliwa na maji, na miezi hupita bila watu kumwona. Hata hivyo Jumapili ngoma hulia, watu hukusanyika, Neno la Mungu husomwa, na watoto hufundishwa. Ni nani anayewaongoza? Ni katekista.

Watu wengine hudhani kwamba kazi hii yaweza kufanywa na mtu yeyote ajuaye kusoma na mwenye sauti nzuri ya kuimba. Sivyo. Seremala hujifunza kwa fundi kabla ya kupewa ubao wa thamani. Mwuguzi hujifunza kabla ya kushika sindano. Basi, mtu anayeongoza roho za wenzake atawezaje kuanza kazi bila kufundishwa?

Tazama mfano huu. Ni usiku wa manane. Mama mmoja anabisha mlango wa katekista, naye amebeba mtoto mchanga mwenye homa kali sana. Padri yuko mbali, mwendo wa siku mbili. Katekista aliyefundishwa vema anajua la kufanya. Anawaamsha vijana watayarishe mtumbwi, ili mtoto apelekwe mara moja kwenye hospitali ndogo iliyo ng'ambo. Wakati vijana wanatafuta makasia, ikiwa mtoto yu karibu kufa na wazazi wanataka, anambatiza. Anamwaga maji kichwani pake hata yatiririke, huku akilitaja jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kama Kanisa linavyoagiza. Halafu anaandika katika daftari jina la mtoto, majina ya wazazi, na tarehe, ili padri akija aandike katika kitabu cha parokia.

Asiyefundishwa angefanya nini? Labda angesahau maji, au angechanganya maneno. Au angekaa na mtoto mikononi akisali mpaka asubuhi, na dawa iko karibu, ng'ambo ya mto tu. Nia yake ingekuwa njema, lakini mtoto angekufa. Kumbe nia njema peke yake haitoshi.

Kazi ya katekista ni ya zamani katika nchi hii. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, Mfaransa wa Shirika la Moyo Mtakatifu, alifika Stanley Falls, ndilo jina la Kisangani la siku zile. Akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mapadri walikuwa wachache, na mwitu ulikuwa mkubwa. Kama katika misioni nyingine za Afrika, vijana walikaa na mapadri, wakajifunza sala, katekisimu na kusoma, kisha wakatumwa vijijini. Elimu yao haikuwa nyingi, lakini mara nyingi wao ndio waliotangulia kufika.

Wengine walikuwa vijana kabisa. Katika Uganda ya kaskazini walikuwapo Daudi Okelo na Jildo Irwa. Walibatizwa mwaka 1916. Daudi alikubali kwenda kufundisha kijijini Paimol, na Jildo akamfuata awe msaidizi wake. Waliambiwa kwamba mahali pale pana hatari, lakini hawakurudi nyuma. Mwezi wa Oktoba 1918 watu waliwataka waache kufundisha dini. Wakakataa, wakauawa. Daudi alikuwa na umri wa miaka 16 hivi, na Jildo miaka 12 hivi. Tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza kuwa wenye heri.

Kisangani nao ulipata siku za majaribu. Mwezi wa Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliutwaa mji. Katika miezi iliyofuata watu wengi sana waliuawa, raia wa nchi na wageni pia. Katika jimbo la jirani, Askofu Joseph Wittebols wa Wamba aliuawa mwezi wa Novemba, na Sista Anuarite akauawa huko Isiro tarehe 1 Desemba. Misioni nyingi zilibaki bila padri. Hapo ilionekana wazi faida ya katekista aliyefundishwa vema, kwa maana watu waliobaki walihitaji mtu wa kuwakusanya, kuzika wafu wao, na kuwafundisha watoto wasisahau sala.

Mwaka uliofuata, tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya kazi ya misioni. Humo maaskofu walisema kwamba makatekista wajengewe shule, wafundishwe Maandiko Matakatifu, liturujia, na namna ya kufundisha, na kwamba wakusanywe tena mara kwa mara ili kuongezewa elimu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo husema kwamba katekista awe mlei aliyefundishwa ipasavyo na mwenye mwenendo bora wa Kikristu.

Basi, mtu anayetaka kazi hii hutazamwa kwanza nyumbani kwake. Je, anaishi kwa amani na jirani zake? Je, ni mlevi? Je, watu humwamini kumwekea siri na fedha? Padri huwauliza wazee wa kijiji, kwa sababu wao humjua kuliko yeye. Halafu huja masomo. Mwanafunzi husoma Biblia na katekisimu, hujifunza kuongoza ibada ya Jumapili bila padri, kuandaa wakatekumeni, na kutunza madaftari. Mchana hufundisha mbele ya mwalimu wake, na mwalimu husahihisha makosa yake. Akimaliza, Askofu au mjumbe wake humtuma rasmi mbele ya watu wote, ili wajue kwamba hakujituma mwenyewe.

Wako pia wanaopata mafundisho ya pekee zaidi. Mmoja huongoza vyama vya vijana, kama Xaveri, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1952. Mwingine huwatembelea wagonjwa hospitalini au wafungwa gerezani. Mwingine hufundisha watoto wasiosikia, naye lazima ajue lugha ya ishara. Hapo ukarimu wa moyo lazima ufuatane na ujuzi, maana asiyejua ishara atasimama mbele ya watoto wale kama mtu bubu.

Kuna jambo jingine ambalo katekista wa leo lazima alijue, nalo ni sheria ya nchi. Mara nyingine baba amefukuzwa kazi, au mdogo amekufa, na jamaa wanamnyoshea kidole mtoto mmoja wa nyumba na kumwita mchawi. Mtoto hupigwa, hunyimwa chakula, hufukuzwa, hata hulala sokoni. Katiba ya mwaka 2006 inakataza kuwashtaki watoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3 mtu anayemshtaki mtoto hivyo. Katekista mjinga aweza kuogopa pamoja na jamaa, akawasha mshumaa na kumwombea mtoto kama mwenye pepo. Katekista mwenye elimu husimama kati ya mtoto na fimbo. Huwaambia jamaa kwamba homa ina sababu yake na njaa ina sababu yake, na kwamba mtoto si sababu. Wakizidi, huwaita wakubwa wa serikali.

Makatekista wengi hawana mshahara wa kutosha. Hulima muhogo, huvua samaki, hutengeneza baiskeli. Mtaguso ulisema kwamba wale wafanyao kazi hii siku zote wapewe malipo ya haki, lakini parokia maskini hushindwa. Kwa hiyo Wakristu wa vijiji vingine humsaidia kulima shamba lake. Hilo ni jambo jema na la haki. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, inayotolewa na Askofu kwa ibada yake maalumu.

Mkipita njiani na kumkuta katekista akisukuma baiskeli yake katika matope, vitabu vimefungwa nyuma kwa kamba, msalimuni kwa heshima na msaidieni kusukuma. Labda usiku wa jana hakulala.

MASWALI
1. Katekista alifanya mambo gani mtoto mgonjwa alipoletwa usiku?
2. Daudi na Jildo waliuawa kwa sababu gani?
3. Kwa nini padri huwauliza wazee wa kijiji kwanza?
4. Mtu akimwita mtoto mchawi, sheria inasema nini?